Mtoto shahidi Garissa: Sheria humlinda mahakamani, nani humlinda nyumbani?

MTOTO anayepanda kizimba cha mashahidi mjini Garissa kueleza jinsi alivyonajisiwa ana ulinzi wa kisheria ambao mama yake, alipokuwa na umri kama huo, hakuwa nao. Mahakama inaweza kumweka nyuma ya pazia ili asitazamane na mshtakiwa. Inaweza kuwatoa watu wote wasiohusika na kusikiliza kesi faraghani. Inaweza kumruhusu mtu mzima anayeaminika kumsaidia kufikisha maneno yake, na inaweza kupiga marufuku kuchapishwa kwa jina lake na la familia yake.

Hata hivyo, ulinzi huo una upungufu mmoja ambao umedumu kwa karibu miongo miwili. Huanza mtoto anapovuka mlango wa mahakama na hukoma anapotoka. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, hatima ya kesi za aina hii mara nyingi haiamuliwi ndani ya mlango huo. Huamuliwa mbali nao, katika kikao cha wazee wa koo, ambako mtoto hayupo na hakuna anayemuuliza anataka nini.

Kwa hiyo swali linaloikabili Kenya leo si iwapo sheria ya kumlinda mtoto shahidi ipo. Sheria ipo, tena ni nzuri kuliko za nchi nyingi jirani. Swali ni lini sheria hiyo inapaswa kuanza kazi.

Neno la mtoto lilivyopata uzito

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa utawala wa kikoloni, ilimtilia mtoto shaka. Tangu uamuzi wa mwaka 1959, mahakama zimechukulia kwamba mtoto wa umri mdogo ni yule aliye chini ya miaka 14. Hakimu alitakiwa kumhoji kwanza apime iwapo anaelewa maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli. Baada ya hapo, ushahidi wake haukutosha kumtia mtu hatiani mpaka uungwe mkono na ushahidi mwingine.

Sharti hilo lilikuwa zito mno katika makosa ya ngono. Makosa haya hutendwa mahali pasipo na watu, na mtendaji huchagua saa na mahali. Kumtaka mtoto alete shahidi wa pili kulikuwa karibu sawa na kumwambia arudi nyumbani anyamaze.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2003, Bunge liliporekebisha kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Tangu hapo, katika kesi ya kosa la ngono, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno la mwathiriwa pekee, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu za kuridhika kwake.

Miaka mitatu baadaye ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyotokana na mswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo iliweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo kisichopungua miaka 20 iwapo mtoto ana umri wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wale wa miaka 16 na 17.

Kifungu cha 31 cha sheria hiyo ndicho nguzo ya ulinzi wa mashahidi. Kinawataja watoto, waathiriwa na watu wenye ulemavu wa akili kuwa mashahidi wanaostahili ulinzi maalumu. Kisha kinamruhusu hakimu, hata bila kuombwa na yeyote, kumpa shahidi mwingine ulinzi huo kwa sababu ya kiwewe, uwezekano wa kutishwa, tofauti za utamaduni, dini, lugha, au uhusiano wake na mmoja wa wahusika wa kesi. Mshtakiwa asiye na wakili haruhusiwi kumhoji shahidi wa namna hiyo moja kwa moja; huliambia benchi swali lake, na hakimu ndiye humuuliza shahidi.

Utamaduni, dini, lugha, uhusiano. Ni kana kwamba walioandika orodha hiyo walikuwa wameketi Garissa.

Katiba ya mwaka 2010 ikatia nguvu. Ibara ya 50 inaruhusu matumizi ya mtu wa kati anayemsaidia shahidi kuwasiliana na mahakama, na inaruhusu umma na waandishi wa habari kutolewa nje ili kuwalinda mashahidi. Mwaka 2014 ikafuata Sheria ya Kulinda Waathiriwa, inayompa mwathiriwa haki ya kesi kuanza na kumalizika bila kuchelewa isivyostahili, na haki ya kupewa mkalimani na serikali iwapo haelewi lugha inayotumika mahakamani.

Chini ya mti

Pamoja na sheria zote hizo, mtoto wa kaskazini mashariki anapodhulumiwa, taasisi ya kwanza kushughulikia jambo lake mara nyingi si kituo cha polisi. Ni maslaha.

Maslaha ni utaratibu wa wazee wa Kisomali wa kupatanisha koo. Wazee wa pande mbili huketi, hupima kosa, hukubaliana fidia, aghalabu ngamia au thamani yake kwa fedha, na ugomvi hutangazwa umekwisha. Si utaratibu wa kudharauliwa. Umezuia damu nyingi kumwagika katika eneo ambalo ugomvi wa kisima kimoja unaweza kuziingiza koo mbili vitani.

Wala nguvu yake haikutokea hewani. Tangu Desemba 1963 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 eneo hilo lilitawaliwa chini ya sheria za hali ya hatari. Kwa vizazi viwili, askari alijulikana kama mtu wa msako na kipande, si mtu wa kupelekewa malalamiko. Wajir ingali inakumbuka mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Mzazi aliyekulia katika kumbukumbu hizo haoni ajabu kumpelekea mzee wa ukoo shauri la bintiye badala ya kulipeleka kituoni.

Tatizo la maslaha katika kesi ya unajisi ni kwamba utaratibu huo hautambui mtoto kama mdai. Unatambua ukoo. Aliyekosewa ni ukoo wa msichana, aliyekosa ni ukoo wa mwanamume, na fidia hutoka kwa wanaume kwenda kwa wanaume. Aliyeumia hapokei chochote, na pengine hukutana na aliyemuumiza njiani kila anapoteka maji.

Kisheria, makubaliano hayo hayana uwezo wa kufuta kesi. Ibara ya 159 ya Katiba inaunga mkono njia za jadi za kusuluhisha migogoro, lakini inakataza zisitumiwe kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki. Kanuni za mwenendo wa kesi za jinai huruhusu upatanisho katika makosa madogo tu, na unajisi si mojawapo. Sheria ya Makosa ya Ngono yenyewe, katika kifungu cha 40, iliweka uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, si mikononi mwa familia. Hata mahakama ya Kadhi haina mamlaka hapo, kwa kuwa Katiba imeipa kazi ya mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi pekee.

Lakini mfano uliotolewa na mahakama haukuwa thabiti daima. Mei 2013, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka la kumaliza kesi ya mauaji baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia ya ngamia na mbuzi kulipwa. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa miongoni mwa wanasheria. Kwa mzee aliyeusikia akiwa Garissa, funzo lilikuwa jepesi: ikiwa damu ya mtu mzima inaweza kulipiwa mahakamani ikakwisha, kwa nini isiwe aibu ya msichana?

Shabaha ni ushahidi

Kwa kuwa maslaha hayawezi kuifuta kesi kwa karatasi, huiua kwa njia nyingine. Humwondoa shahidi.

Hapa ndipo penye kitendawili ambacho hakijajadiliwa vya kutosha. Sheria ilipolifanya neno la mtoto kutosha peke yake kumtia mtu hatiani, ililifanya pia neno hilo kuwa kitu pekee kinachohitaji kuharibiwa. Zamani aliyetaka kuvuruga kesi alikuwa na mashahidi kadhaa wa kuwafikia. Leo anaye mmoja, ana umri wa miaka 10, na analala katika nyumba ya baba aliyekwisha kupeana mikono na wazee.

Ukali wa adhabu huongeza uzito wa shinikizo. Mnamo Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba viwango vya chini vya vifungo vilivyowekwa na sheria ya mwaka 2006 vingali halali na mahakama haziwezi kuvishusha zipendavyo. Ukoo unaojua kwamba kijana wake anakabiliwa na miaka 20 au maisha gerezani una kila sababu ya kuongeza idadi ya ngamia. Kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo bei ya ukimya inavyopanda. Na anayeibeba bei hiyo ni mtoto.

Matokeo yake yanafahamika kwa kila kiongozi wa mashtaka. Siku ya kusikilizwa inafika, shahidi hayupo; amepelekwa kwa jamaa ng'ambo ya mpaka au kuolewa mbali. Au anafika, anatazama sakafu, anasema hakumbuki. Pazia halimsaidii hapo. Pazia humficha asionwe na mshtakiwa, lakini anayemwogopa zaidi ndiye aliyemsindikiza hadi mahakamani.

Hali huwa ngumu zaidi katika kesi za ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 97 ya wanawake wa kaskazini mashariki wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 21 nchini kote. Sheria ya mwaka 2011 inatoza kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua Sh200,000. Lakini shahidi mkuu ni binti, na anayeweza kushtakiwa ni mama au nyanya. Kumwambia mtoto wa miaka minane achague kati ya ukweli na mama yake si kumlinda.

Lugha, umri na safari

Yapo pia mambo ambayo hayatokani na uovu wa mtu, bali jinsi mfumo ulivyo. Mahakama za chini husikiliza kesi kwa Kiingereza na Kiswahili. Mtoto wa kijijini huzungumza Kisomali. Kila neno lake hupitia kwa mkalimani, na katika mji mdogo mkalimani ni mtu mwenye ukoo, jamaa na majirani. Msichana aliyefunzwa kuona haya kutamka sehemu za mwili mbele ya mwanamume hutumia maneno ya kuzungukazunguka. Mkalimani naye akitafsiri kwa staha, kosa la unajisi huingia katika kumbukumbu za hakimu kama kusumbuliwa tu.

Umri nao ni mtihani. Adhabu hutegemea umri wa mtoto, kwa hiyo lazima uthibitishwe. Katika eneo ambalo uandikishaji wa vizazi uko nyuma kuliko sehemu nyingi za nchi, mara nyingi hakuna cheti cha kuzaliwa. Hubaki tathmini ya daktari au neno la mzazi, na mzazi akishapatana na upande wa pili, hata umri wa mwanawe unaweza kubadilika.

Kisha kuna umbali. Kutoka Mandera hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 700. Hata Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilianzishwa kuanzia mwaka 1991, ni takriban kilomita 100 kutoka mjini. Kwa miaka mingi mahakimu wa Garissa walisafiri kwenda kuendesha mahakama tembezi huko kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Kikao kikiahirishwa, mtoto alisubiri ziara nyingine. Kila ahirisho ni wiki kadhaa zaidi za kulala katika nyumba ileile, chini ya macho yaleyale.

Haki ya mshtakiwa

Wapo mawakili wanaoonya kwamba kumpa shahidi ulinzi mwingi ni kumnyima mshtakiwa haki yake. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupinga ushahidi dhidi yake, na anayekabiliwa na kifungo cha maisha anastahili kuhoji kwa makini. Ndiyo maana sheria hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa maneno ya mtu wa kati pekee yasiyoungwa mkono, na ndiyo maana mahakama zimesisitiza kwamba mtu wa kati hana ushahidi wake mwenyewe. Kazi yake ni kufikisha maneno ya shahidi.

Lakini mshtakiwa ana haki ya kumhoji shahidi, si ya kumnunua. Mtoto aliyesikilizwa mapema, akiwa ametulia, akiulizwa kwa lugha anayoielewa, ni shahidi bora kwa pande zote mbili. Aliyesingiziwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuusafisha uso wake mbele ya mtoto anayeeleza kwa uhuru kuliko mbele ya mtoto aliyefundishwa la kusema au la kutosema.

Mafunzo ya karibu

Wanaodai kwamba wanawake na wasichana wa kaskazini mashariki hawawezi kusema hadharani wana jibu kutoka Garissa yenyewe. Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianzia huko vikao vyake vya hadhara. Tume hiyo iliandaa pia vikao vya wanawake peke yao na vikao vya faragha, na wanawake walijitokeza kusema mambo waliyoyaficha kwa miaka mingi. Kilichobadilika si utamaduni wao. Ni chumba, na aliyekuwa ameketi ndani yake.

Nchi jirani ya Tanzania ilirekebisha Sheria yake ya Ushahidi mwaka 2016, ikamruhusu mtoto kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Nia ilikuwa kupunguza maswali ya awali ya kumpima mtoto. Hata hivyo, rufaa zilizofuata zilionyesha kwamba hakimu akisahau kuandika ahadi hiyo, ushahidi wote unaweza kuporomoka. Sheria nyepesi bado huhitaji hakimu makini.

Nchini Kenya, mahakama maalumu ya kwanza ya kesi za dhuluma za kijinsia ilifunguliwa Shanzu, Mombasa, mwaka 2022. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imekwisha kuamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kushindwa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Uamuzi huo una maana kubwa kwa kaskazini mashariki: afisa anayewaambia wazazi waende wakapatane kwanza hafanyi hisani. Anakiuka Katiba.

Kinachoweza kufanywa

Mengi hayahitaji sheria mpya. Sheria ya mwaka 2006 inautaka upande wa mashtaka umfahamishe shahidi kuhusu ulinzi huo kabla hajatoa ushahidi. Hakuna kinachozuia hilo kufanyika siku ya kwanza kituoni, afisa wa watoto akiwapo, na ombi la ulinzi kuwasilishwa siku mshtakiwa anaposomewa mashtaka badala ya asubuhi ya kusikilizwa. Hakuna kinachomzuia hakimu kuusikiliza ushahidi wa mtoto kwanza, ndani ya wiki chache, kabla wazee hawajamaliza kuhesabu ngamia. Ushahidi uliokwisha kuandikwa ni mgumu kununuliwa.

Mkalimani mwanamke, asiye wa ukoo wa upande wowote, si anasa. Ni sehemu ya haki ambayo sheria ya mwaka 2014 tayari imeitamka. Taasisi ya taifa ya kulinda mashahidi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2006 na kuimarishwa kwa marekebisho ya mwaka 2010, nayo ina mamlaka ya kumhamisha shahidi aliye hatarini. Lakini kumng'oa mtoto kutoka kwa mama yake na kumpeleka mji asioujua ni dawa chungu, na isiwe ya kwanza kunywewa.

Kuhusu wazee, kuwapiga vita hakutafaa. Sera ya Mahakama kuhusu njia mbadala za haki, iliyozinduliwa mwaka 2020, inakiri kwamba wananchi wengi humalizia mashauri yao nje ya mahakama. Maslaha yaendelee kuzipatanisha koo zisipigane kwa sababu ya kosa la mtu mmoja. Hiyo ni kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya. Lakini mpaka uwekwe wazi. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 117 na 118, inamhesabu kuwa mhalifu anayemzuia shahidi kufika mahakamani, na pia anayepokea mali ili kuficha kosa kubwa la jinai. Ngamia wa amani ni halali. Ngamia wa ukimya ni ushahidi wa kosa la pili.

Kesi chache tu zikifunguliwa dhidi ya wanaonunua ukimya, hesabu za chini ya mti zitabadilika. Mpaka siku hiyo, mtoto wa Garissa ataendelea kupewa pazia zuri mahakamani, kisha kurudishwa jioni kwa watu ambao pazia hilo lilipaswa kumkinga nao.